Garde-malade wa Kitanda ya Tisa

Sage-femme Élise, muzalishaji wa salle, aliuliza: "Ulishapasuliwa tumbo siku moja?" na Godelive akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu: "Appendicite tu," mbele yeye hajafungua mudomo.

Akashika midomo yake na vidole. Ilikuwa imefungana, kavu, kama ya mutu mwenye ametoka kulala. Mais ile jibu ilisikika mu salle yote. Sauti ilikuwa yake, ile ya kupitia kidogo mu pua yenye bwana yake anapendaka, ila ilitoka chini, karibu na miguu ya kitanda.

Élise hakuinua kichwa. Aliandika. Sage-femme mwenye iko na banamuke kumi na tisa, na hajalala tangu jana, hana nafasi ya kuangalia midomo, anaangalia fiche. Inchi yetu iko na waziri wa kila kitu, hata wa bintu yenye haiko, mais sage-femme wa pili wa salle ile bado anatafutwa.

"Appendicite ya wapi inapasuliwa katikati, kutoka kitovu mpaka chini?" Docteur Ananie akauliza. Alisimama nyuma ya Élise, kijana bado, blouse nyeupe, kalamu tatu mu mufuko.

"Ilipasukia ndani, Docteur," sauti ikajibu. "Péritonite. Balifungua yote juu ya kusafisha."

Docteur akafurahi. Mugonjwa mwenye anajua kusema péritonite ni mugonjwa wa kuheshimu.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza!" Huyu sasa alikuwa Mama Kasonia, mama mukwe, na mudomo yake mwenyewe, na furaha yake yote. "Écho, ile picha ya tumbo, ilisema kijana."

"Très bien. Siku kumi imepita terme, siku ya kuzala, na tension ya damu inaanza kupanda. Hatungoje tena. Saa tano tunadéclencher: kidonge kidogo chini ya ulimi, uchungu inakuja, na mbele jua haijazama uko na mujukuu, mama."

"Amina," Mama Kasonia akasema.

Tour de salle ikaendelea na kitanda ya kumi. Godelive akabaki na vidole ku midomo. Harufu ilikuwa inapanda kutoka chini ya godoro, harufu yenye aliijua: pénicilline ya zamani, ile ya kukaa mu chupa mpaka inaoza.

Tuseme mambo vile iko, maana mu jamaa ile hakuna mutu alisemaka.

Miaka sita mbele, Godelive alikuwa finaliste, mwaka ya mwisho, mu shule moja ya internat kule Lubero, na prof mwenye alimupa mimba alikuwa anafundisha kozi yenye inaitwa Éducation à la vie, mafundisho juu ya mapenzi na uzazi. Alifundisha vizuri. Halafu akapata mutation, bakamuhamisha mbali. Shangazi Anne-Marie, muuza maharagi wa Kirumba, akamuchukua Godelive na kumuficha mu nyumba ya nyuma mpaka siku yake. Uchungu ilimushika siku mbili. Siku ya tatu bakamupasua. Mutoto alikuwa kijana. Alilia mara moja, akanyamaza, na hakurudilia.

Munganga muzee wa kule akakaa pembeni ya kitanda, akamuambia: "Binti yangu, nilikupasua kwa kusimama, kutoka juu mpaka chini, hata mufuko ya uzazi yenyewe. Haitavumilia uchungu tena. Mimba ingine, ni kisu, mbele uchungu haijaanza. Ukisahau jina yako, hii usisahau." Aliandika yote mu dossier. Dossier ilibaki Kirumba, na Kirumba leo iko ngambo ya vita. Hakuna mutu wa Butembo anaenda kule kutafuta karatasi.

Mais shangazi aliogopa ulimi ya batu kuliko kisu. Akamupeleka kwa Melchior, tradi-praticien, munganga wa kienyeji mwenye cachet na registre. Melchior akatosha kachupa ka pénicilline, tupu, na kifuniko yake ya mupira. "Semea humu ndani," akasema. "Yote." Godelive akasemea: mimba, mutoto, kisu, Kirumba. Melchior akafunga, akapiga chupa na ukucha, tik, tik, kama mutu anaita mutumishi. "Sasa siri yako iko na mulinzi. Mutu akiuliza, wewe usichoke. Yeye atajibu."

Halafu Mathe akakuja, kijana mupole wa Butembo mwenye anapandisha mizigo kati ya Kasindi na Beni. Siku ya kupeleka mahari, Mama Kasonia alisema mbele ya bote, na kucheka, na batu bakapiga mikono: "Sisi hatuoe nyumba yenye mutu mwingine alishapanga." Yeye njo présidente ya bamama ya paroisse, na anachekaka vile. Kovu? Appendicite. Bwana akaamini. Mu consultation ya mimba, mara ine, mama mukwe iko pembeni, Godelive akasema appendicite na mudomo yake mwenyewe, na mu roho akajiambia: nitasema ku hospitali. Siku ile njo siku yenye alikata shauri ya kusema. Na siku ile njo mudomo haikuwa yake tena.

Ilikuwa saa tatu. Ilibaki masaa mbili.

Mama Kasonia akatoka kupika bouillie, uji ya mugonjwa, ku jikoni ya nyuma, kule bagarde-malade bote banapikiaka, banasengenya mugonjwa wa kila mutu. Godelive akaita mbio, pole-pole:

"Maman Élise, kuja kidogo. Juu ya ile kovu…"

"…inaniwasha," sauti ikamalizia.

"Ngozi inavutika, ni normal. Nitakuletea pommade."

"Hapana! Maman, sikiliza. Munganga wa Kirumba alini…"

"…tunza vizuri sana. Merci, Maman Élise."

Élise alishaenda. Godelive akajaribu français. Chini ikamalizia français, na accords ya sarufi yote sawa, kuliko batu benye badiploma. Akajaribu kinande, chini ikajibu kinande safi ya Lubero, na adabu juu. Akakamata Bic ya mama mukwe, akaandika ku karatasi ya kufungia mukate: Nilizala Kirumba. Aliposoma, mukono yake ilikuwa imeongeza herufi mbili. Nilizaliwa Kirumba. Mutu mwenye angesoma angemuambia: hongera.

"Weye dada."

Ilikuwa kitanda ya nane. Asma, muke wa chauffeur wa Fuso, mwislamu wa Beni, mwenye bashemeji yake balimuleta na pikipiki, kupitia Kalunguta, juu ambulance ilisema haitembei ile barabara. Miguu ilivimba kama ndizi ya kuchemsha, tension kumi na nane, na bado alikuwa anapaka wanja ku macho kila asubuhi.

"Ule bibi wa chini ya kitanda yako," Asma akasema na sauti ndogo, "ni wa kwenu?"

"Bibi gani?"

"Mwenye anakunja bitambaa. Tangu juzi. Nilizani ni shangazi yako."

"Mama mukwe alisema ni garde-malade wa kwenu. Wa Beni."

"Wa kwetu?" Asma akacheka kidogo, mais macho haikucheka. "Dada, siku mbili hajaenda choo, hajakula, hajasalimia. Mutu wa Beni angeshaomba chai mara tatu."

Fikiri vile mambo ile ni rahisi. Mu hospitali yetu kila mugonjwa iko na mutu wa kumukalia: anapika, anafua, anajibia mugonjwa juu mugonjwa iko na maumivu. Nani ataangalia garde-malade wa jirani? Ba catholiques bakasema ni wa baislamu, baislamu bakasema ni wa ba catholiques. Sentinelle wa mulango, mwenye anazuia hata padri na sakramenti yake, alimuacha apite. Iko na jeton, kile kibao ya kuingilia.

Godelive akainama pembeni, tumbo ikamufinya pumzi, akaangalia chini.

Aliona mukeka. Aliona bitambaa ya kupokelea mutoto, imekunjwa ine-ine, nyingi kuliko yenye balikuja nayo, imepangwa mupaka giza ya ukuta. Na mikono miwili mizee, misafi, inakunja ingine, inaipapasa na kidole gumba, pole, vizuri, kama mutu mwenye anapenda kazi yake. Uso haikuonekana. Ukucha ikagonga kitu ya kioo. Tik, tik.

Akajinyoosha mbio.

"Kwetu tunaitaka jini ya kutumwa," Asma akasema. "Haina ubaya, dada. Iko na kazi. Njo ubaya yenyewe. Mwenye ubaya utamuomba huruma. Mwenye kazi utamuambia nini? Mulimupa kazi gani?"

"Hakuna," sauti ikajibu, na Godelive alikuwa anauma ulimi.

Asma aliona midomo. Akavuta kitambaa mupaka ku kidevu. "Bismillahi." Halafu, maana alikuwa mwanamuke wa roho, akapiga kelele: "Mama Élise! Mama Élise, kuja! Kuna jini chini ya kitanda ya huyu, inajibu mu fasi yake!"

Élise akakuja na mbio. Hakuangalia chini ya kitanda. Aliangalia macho ya Asma.

"Unaona nini ingine? Nyota? Bimulimuli?"

"Nyota naona, ndiyo, mais…"

"Kichwa inauma?"

"Inauma, mais nyota ni ya tension, mama, bibi ni ya jini! Musichanganye bintu!"

"Docteur! Kitanda nane anaanza kuona batu. Tulete sulfate de magnésium, vite!"

Na tena, Élise alikuwa na haki. Mimba yenye tension vile, ikianza kuonyesha nyota, nafasi ni kidogo mbele mwanamuke hajaanza kutetemeka na kuuma ulimi; sage-femme mwenye hajui ile anazika bamama. Aliijua. Alimuokoa Asma, ile asubuhi, hakuna shaka. Bakamuwekea perfusion, dawa ikamuchoma mu mushipa, ulimi ikawa muzito, na mutu mumoja tu mwenye aliona akalala na mudomo wazi, wanja imechafuka ku mashavu.

Saa tano, Docteur Ananie akafika na kidonge mu kikombe. Mama Kasonia alisharudi, rozari ku mukono moja, bouillie ku ingine.

"Fungua mudomo, mama."

Godelive akakaza meno. Akatikisa kichwa. Akasukuma kikombe.

"Ni woga ya mimba ya kwanza," Mama Kasonia akasema na aibu. "Godelive, binti yangu, usituharibishe jina mbele ya docteur."

Ukungu ilikuwa imeshuka kutoka milima ya nyuma, inaingia mu madirisha yenye haina kioo, na banamuke ba vitanda ya mwisho bakaanza kuonekana kama nguo ya kuanika. Godelive akasikia vidole viwili baridi chini ya taya. Vidole havikumuumiza. Vilimufungua mudomo vile mama anafunguaka mudomo ya mutoto juu ya dawa, na pole yote, na kidonge ikaingia, ikayeyuka kama chaki.

"Voilà," Docteur akasema.

Saa sita, tumbo ikakaza mara ya kwanza. Saa saba, ilikuwa inakaza kila dakika tano, na Godelive akaanza kusikia, katikati ya uchungu na uchungu, fasi yenye mwanamuke anapumzikaka, maumivu ingine, nyembamba, ya kusimama, kama mutu anapitisha ukucha ndani ya kovu kutafuta wapi uzi ilianzia. Akaita Élise na sauti ikasema anaendelea vizuri. Akaita Docteur na sauti ikasema anamushukuru. Akashika mukono ya mama mukwe na kumuangalia na macho yenye ilikuwa inasema yote, na Mama Kasonia akamupanguza jasho, akamuambia vile banamuke bote banapitaka pale, na akaendelea na Salamu Maria, na chini ya zile Salamu Maria, pamoja nazo, sauti ya Godelive ilikuwa inaitikia, utuombee sisi wakosefu, bila kukosa hata neno moja, na harufu ya pénicilline ilijaa mupaka mate ikakuwa chungu, na bitambaa chini ya kitanda ilikuwa inakunjwa mbio sasa, frr, frr, frr, kama mutu anaona kazi inaelekea kuisha na anataka kupanga bintu mbele ya kwenda, na Godelive akaelewa ya kama kile kitu hakikuwa na hasira naye hata kidogo, kilikuwa kinamutunza, kitamutunza mpaka ndani ya kaburi, na pale njo siri itakaa vizuri kabisa, maana maiti haiulizwake mimba ya ngapi.

Élise akarudi na sparadrap, kitambaa ya gundi, na Bic. Ilikuwa desturi ya salle ile: mbele mama hajaingia chumba ya kuzalia, banaandika jina ya mutoto ku kipande ya sparadrap, banaibandika ku ukingo ya kitanda, ikingojea mukono yake. Banamuke bengi banapenda ile. Inatia nguvu.

"Kijana, hein? Jina?"

"Paluku!" Mama Kasonia akasema. "Paluku ya kwanza ya nyumba yangu."

Kila Munande anajua, na mwenye si Munande ajue leo: sisi hatupe batoto jina, tunabahesabu. Kijana wa kwanza wa mwanamuke ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na hesabu inaendelea. Mwenye alikufa anahesabiwa. Nyamuhanga, Mungu muumbaji, alimuona, iko na namba yake, hakuna mutu mwingine anaikalia.

Uchungu ikakuja. Godelive akangoja ipite. Akafungua mudomo, akingojea sauti ya chini imunyanganye neno.

"Kambale," akasema.

Chini, bitambaa ikaendelea kukunjwa. Frr, frr.

Jini ile ilijua kifaransa, ilijua péritonite, ilijua Salamu Maria. Baliipa maneno ya kulinda: mimba, mutoto, kisu, Kirumba. Hakuna mutu aliiambia ya kama mu inchi ya Banande jina ni namba.

"Maumivu inamuchanganya," Mama Kasonia akasema na kicheko ya haraka. "Andika Paluku."

"Kambale," Godelive akarudilia. Machozi ilikuwa inashuka mu masikio. "Maman Élise. Andika. Ni Kambale."

Bic ikasimama. Élise alikuwa Munande wa Lubero, binti wa tatu wa mama yake, na alikuwa ameshika mukononi batoto elfu. Kwa mara ya kwanza siku ile aliacha fiche, akaangalia uso.

"Kambale ni wa pili," akasema pole-pole. "Paluku iko wapi?"

"Ni mimba ya kwanza," sauti ikajibu.

Na Élise aliona. Midomo ya Godelive ilikuwa wazi, inatetemeka, na haikutengeneza hata neno. Hakupiga kelele, sage-femme hapigake kelele. Akapiga magoti pole, kama mutu mwenye ameangusha kitu, akaangalia chini ya kitanda. Yenye aliona hakuambiaka mutu, mpaka leo. Aliposimama uso yake ilikuwa na rangi ya majivu. Akafunua shuka, akaweka vidole viwili ku kovu, chini kabisa, na Godelive akalia kama mbuzi.

"Godelive. Usijibu. Finya tu mukono yangu. Hii ni césarienne, balikupasua juu ya mutoto?"

Godelive akafinya mpaka mifupa ikalia.

"Docteur Ananie! Bloc! Bloc sasa hivi! Utérus cicatriciel, mufuko iko na kovu, na tumemudéclencher!"

Kitanda ikasukumwa. Magurudumu ilikuwa inalia, ukungu ikapasuka mbele yao, Docteur akakimbia na mask haijafungwa, akirudilia "mais péritonite, alisema péritonite," kama mutoto mwenye balimuibia. Mama Kasonia akabaki katikati ya salle na rozari. Alisikia yote. Hesabu ya Banande haikuhitaji kufasiriwa.

Mu bloc, chumba ya kisu, bakamuchoma ku mugongo, miguu ikakufa, na nyuma ya kitambaa ya kijani Godelive akasikia kisu ya Docteur ikiwekwa mu sahani. Halafu: "Mon Dieu. Iko nyembamba kama karatasi. Élise, angalia, unaona nywele ya mutoto ndani." Dakika kumi ingine, balisema kiisha, na ingefunguka yote. Mutoto akalia. Mara moja, halafu mara ya pili, halafu hakukubali kunyamaza tena.

Na mu salle, chini ya fasi yenye kitanda ya tisa ilikuwa, bagonjwa balisikia kitu ya kioo ikivunjika. Mufagiaji alipoenda kuangalia alikuta mukeka, maji-maji kidogo yenye kunuka, na hakuna hata kitambaa moja.

Siku ya tatu jua ikatoka. Asma alikuwa amezala usiku ya mbele, kasichana ka kilo moja na nusu, na alikuwa anakagombeza juu hakanyonye mbio. Élise akakuja na carnet ya Godelive, akaandika na Bic nyekundu, ukurasa muzima.

"Sikiliza, mama. Sasa uko na kovu mbili. Miaka mbili bila mimba, tatu kama inawezekana. Ingine ikikuja, unafika huku wiki mbili mbele ya terme, hata hakuna kitu inauma. Kuzala nyumbani, hapana. Centre de santé, hapana. Na bwana yako lazima ajue, juu siku ile unaweza kuwa hauna nguvu ya kusema, na yeye njo atasema. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Maman. Wasingya, aksanti." Sauti ilitoka yenyewe, nyepesi. Tangu bloc alikuwa anajaribu maneno yote pole-pole, chini ya shuka: Kirumba. Kisu. Mutoto yangu. Yote ilipita.

Élise akaenda. Mama Kasonia, mwenye siku mbili alikuwa anamuosha mutoto, anamuosha Godelive, bila kusema hata "pole", akageuzia salle mugongo, akainama karibu.

"Nilisikia," akasema.

"Mama, nisamehe…"

"Nyamaza. Mi si munyama. Mwenye alikuharibu, Mungu atamuona. Mais Mathe iko na roho kidogo, na mimi, Godelive, na bamama ya paroisse? Bale banangojea tu nianguke. Batasema: présidente aliolesha mutoto wake nyumba ya kupanga." Akakamata carnet. Akachana ukurasa ya wino nyekundu, vizuri, na ukingo, akaikunja ine, akaipapasa na kidole gumba. "Mutoto ni Paluku. Hii itakaa kati yetu mbili. Mutu akiuliza, wewe usichoke. Mi nitajibu."

Godelive akanyoosha mukono ku karatasi.

"Mama, usiseme ile maneno."

"Maneno gani?"

"Ile. Nani alikufundisha ile?"

Mama Kasonia akamuangalia kama mutu mwenye homa, akaenda kutupa karatasi mu braséro ya jikoni.

Mathe akafika saa ine, matope mpaka magotini, convoi ilimushika siku mbili njiani. Alibeba mutoto kama mutu anabeba mayai ya wengine. Alicheka, alilia, aliita "Paluku, Paluku, weye muzee yangu." Halafu akakaa ku kitanda, akauliza yenye kila bwana anaulizaka.

"Na docteur alisema nini? Mwingine pia atakuwa na kisu?"

Mama Kasonia alikuwa anakunywa chai. Kikombe ilikuwa ku midomo.

"Ni tension tu," sauti yake ikasema. "Mwingine atazalia nyumbani, kama banamuke bote."

"Ah, Mama!" Mathe akacheka, macho ku mutoto. "Sasa weye njo docteur."

Kikombe ikashuka. Chai ilikuwa bado mu mudomo ya Mama Kasonia, mashavu imejaa. Ikamutoka pembeni, ikateremuka ku kidevu. Aliangalia chini ya kiti yake. Aliangalia Godelive. Harufu ikapanda, chungu, ya kuoza. Mama Kasonia akakamata mukono ya mukwe wake, kucha zikaingia mu nyama, akafungua mudomo, akaifungua sana.

"Anasikia baridi," sauti yake ikasema. "Muletee pagne, ajifunike."

Asma, ku kitanda ya nane, aliacha kugombeza mutoto. Alikuwa anaangalia bote wawili, na safari hii hakuita mutu. Alimuangalia tu Godelive, anangojea.

Mudomo moja tu ilikuwa huru pale. Maneno ya kweli ilikuwa kidogo, hata tano haikufika, na macho ya mama mukwe ilikuwa inaiomba, moja moja. Mathe alikuwa anahesabu vidole ya kijana yake. Yeye njo alikuwa nyumba, kitanda, mulango yenye ingefungwa leo jioni na Godelive iko ku inje, kama angesema kweli. Mimba ingine ilikuwa mbali. Miaka mbili. Tatu, kama inawezekana.

"Kweli?" Mathe akamuuliza. "Ni vile?"

"Ni vile Mama anasema," Godelive akajibu, na hakuna mutu alimushika taya.

Vidole ya Mama Kasonia ikaachilia mukono yake, kimoja kimoja.